Kigango si pambo la sebuleni

Ilikuwa Jumanne jioni, mvua imetoka kunyesha na magari ya barabara ya Lang'ata hayasogei. Matatu ya Rongai imejaa. Kijana niliyekaa naye alikuwa akitazama video kwenye simu, moja baada ya nyingine, zile za maajabu ya dunia ambazo hazina mwisho: ziwa jekundu, Waingereza wakikimbiza jibini mteremkoni mpaka wanavunjika miguu, watu wa Buñol kule Uhispania wakirushiana nyanya, jeneza lenye umbo la samaki. Kisha wakaja watu wa Madagaska wamebeba maiti mabegani, imefungwa kitambaa, wanacheza na tarumbeta zinalia. Kijana akacheka kwa sauti, akamwonyesha mama aliyekaa upande wa pili wa kijia.

"Mama, hebu ona hawa watu. Wanadansi na maiti!"

Mama akaipokea simu, akaisogeza mbali kidogo na macho kama wafanyavyo watu wa umri wake, akatazama hadi mwisho.

"Irudishe nyuma," akasema. "Pale wanapomfunga."

Kijana akairudisha. Mama akatazama tena, safari hii kimya zaidi.

"Hiyo ni nguo mpya. Wamvisha. Sasa wewe wacheka nini, mwanangu? Mtu ana baridi."

"Kwani maiti huskia baridi, mama?"

"Kwetu wahisi."

Kwao ni bara ya Kilifi, upande wa Kaloleni. Ni Mgiriama. Tulizungumza mpaka mzunguko wa Galleria, na kwa foleni ya siku ile huo ulikuwa muda mrefu. Niliposhuka nilikuwa na makala.

Hoja yangu ni kwamba neno "ajabu" halitwambii lolote juu ya kitu chenyewe. Latwambia tu mtazamaji amesimama wapi. Kila tunachokiita ajabu, kiwe desturi, sanaa au hata ziwa, kina kazi kinayoifanya mahali kilipo, na mtu anayekitazama bila kuiuliza kazi hiyo hakawii kukichukua, kukiuza au kukifuta. Hapa kwetu Kenya tumefanya yote matatu.

Tuanze na wale wa Madagaska. Desturi yao huitwa famadihana, na ni ya watu wa nyanda za juu, hasa Wamerina na Wabetsileo. Kila baada ya miaka mitano hadi saba hivi, katika miezi ya kiangazi chao chenye baridi kati ya Juni na Septemba, ukoo hufungua kaburi la familia, hutoa mabaki ya wazee wao, huwafunga kitambaa kipya kiitwacho lamba, ambacho kwa desturi ni cha hariri, kisha huwabeba na kucheza nao kabla ya kuwarudisha ndani. Gharama yake si ndogo. Kuna kitambaa, ng'ombe, wapiga muziki na chakula cha watu wengi, ndiyo maana familia hujikusanya kwa miaka. Siku hiyo ndugu waliotawanyika hurudi, wasiosemezana hujikuta wamekaa mkeka mmoja, na watoto huonyeshwa nani alimzaa nani. Kazi ya famadihana ni hiyo: kuushika ukoo usisambaratike.

Sisi wa Nairobi ndio watu wa mwisho wanaostahili kuwacheka. Mtu akifa hapa mjini tunaunda kamati, tunachanga kila jioni kwa wiki nzima, tunakodi basi, tunafunga jeneza juu yake na kusafiri kilomita mia nne usiku kucha mpaka kijijini ambako marehemu pengine hakulala zaidi ya Krismasi moja kila miaka mitatu. Mgeni akilitazama basi lile asubuhi linapopita Nakuru, vitambaa vyekundu vikipepea kwenye vioo, ataliona ajabu. Aliye ndani anajua linafanya kazi gani.

Sasa turudi Kaloleni, maana hapo ndipo jambo linapouma.

Miongoni mwa Mijikenda, hasa Wagiriama, kuna chama cha wazee kiitwacho Gohu. Mwanachama wake akifariki, mambo hayaishii kaburini. Huenda baada ya miezi, huenda baada ya miaka, marehemu huanza kuonekana ndotoni mwa watu wake. Analalamika. Anahisi baridi, anasikia njaa, amesahauliwa. Mtoto anaugua bila sababu, mazao yanakataa. Mganga anaulizwa, na jibu linakuja: mzee anataka kigango. Basi fundi huchonga gogo la mti mgumu, refu kuliko upana wake mara nyingi, likiwa na kichwa juu na mwili bapa uliochorwa nakshi za pembetatu. Husimamishwa uani, huvishwa vipande vya nguo kiunoni na shingoni, humwagiwa tembo la mnazi, na mzee huzungumziwa kwa jina. Baridi yake imeisha.

Kikishasimamishwa, kigango hakihamishwi. Familia ikihama kutafuta shamba lingine, kigango kinabaki pale pale, na mchwa na mvua hufanya yao. Kuoza kwake ni sehemu ya mpango. Hakuna anayekipaka dawa wala kukijengea paa.

Mwaka 1985 mwanaanthropolojia Mmarekani, Monica Udvardy, alimpiga picha mzee mmoja akiwa amesimama kando ya vigango viwili vya ndugu zake marehemu. Muda si mrefu baadaye vyote viwili vikaibwa. Mwaka 1999, katika mkutano wa wasomi wa Afrika huko Marekani, Udvardy aliiona picha ya kimojawapo katika slaidi za msomi mwenzake, Linda Giles. Kigango kilikuwa Illinois, kwenye makumbusho. Cha pili kikapatikana Virginia, katika makumbusho ya Chuo Kikuu cha Hampton. Wawili hao wakaanza kuhesabu, na hesabu ikafika mamia ya vigango katika makumbusho mbalimbali ya Marekani. Vile viwili vilirudi Kenya, na mwaka 2007 familia ikakabidhiwa chao, miaka 22 tangu kuibwa.

Viliendaje huko? Kwa njia tunayoijua. Vijana wasio na kazi waling'oa usiku na kuuza kwa fedha kidogo kwa wachuuzi wa vinyago wa pwani. Wachuuzi wakauza kwa wafanyabiashara wa sanaa, na hao wakaviuza California kwa maelfu ya dola. Miaka ya 1970 na 1980 vigango vilikuwa fasheni. Watu maarufu wa Hollywood walivisimamisha nyumbani kwao, na walipovichoka wakavitoa kwa makumbusho kama msaada. Kwenye kadi za maonyesho viliitwa sanamu, sanaa ya kufikirika, kazi ya mikono ya mchongaji asiyejulikana. Yote hayo yanasifu umbo. Hakuna hata moja linalosema kwamba kile ni baba ya mtu.

Nimewahi kukiona kimoja kwa karibu, na hakikuwa Amerika. Kilikuwa katika sebule ya nyumba moja hapa Nairobi, kando ya chungu cha maua. Mwenyeji hakuwa mtu mbaya. Alikinunua dukani na alikipenda kweli. Aliniambia nikiguse nione mti ulivyo mgumu. Nikainama kutazama chini. Sehemu iliyokuwa ardhini ilikuwa imekatwa kwa msumeno, sawa kabisa, ili kikae wima juu ya kibao cha chuma. Kiunoni mti ulikuwa na mstari mwembamba, umefifia kuliko sehemu nyingine, kama ngozi ya mkono ulipokaa mkanda wa saa. Hapo ndipo nguo ilipofungwa. Nguo yenyewe haikuwepo. Nadhani mtu fulani njiani aliiona chafu akaitupa.

Wapo watakaosema vigango vilivyobebwa angalau vimehifadhika, na kwamba vingebaki Kaloleni vingekuwa vumbi. Ni kweli vingekuwa vumbi. Lakini hoja hiyo inadhani kazi ya kigango ni kudumu, na kigango hakikuumbwa kidumu. Kule Ise, Japani, kuna hekalu la Shinto ambalo hubomolewa na kujengwa upya kila baada ya miaka 20, mbao mpya, mahali papo kando ya pale pa zamani. Mara ya mwisho ilikuwa 2013, ikiwa ni mara ya 62. Wajapani hawajaziweka mbao za kwanza ndani ya kioo. Wameweka hai mikono ya maseremala, kwa sababu katika miaka 20 fundi mzee bado ana nguvu za kumwelekeza mwanafunzi wake. Dunia inaliheshimu hekalu la Ise kama kilele cha utamaduni. Kigango kinachooza chini ya mkorosho kinaitwa mali iliyotelekezwa.

Makumbusho ya Denver iliachia vigango 30 mwaka 2014. Safari yake ya kurudi ilichukua miaka, na vilipofika uwanja wa ndege wa Nairobi mwaka 2019 vilikwama katika sehemu ya mizigo kwa mvutano wa ushuru. Fikiria vizuri jambo hilo. Wazee thelathini wa Mijikenda, wamerudi katika nchi yao, wamelala ndani ya makreti, na swali lililo mezani ni watozwe kodi kama bidhaa ipi. Mwaka 2023 makumbusho ya jimbo la Illinois ikarudisha vingine 37. Nafurahi vimerudi. Ila vingi kati ya vigango hivi havina karatasi inayoonyesha vilitoka boma gani, kwa sababu aliyevinunua hakuwahi kuuliza. Alishangaa, akalipa, akaondoka.

Ghana wao wamelipata tatizo hili kwa mlango mwingine. Lile jeneza la samaki kwenye simu ya kijana ni la Waga, watu wa Teshie, kando ya Accra. Fundi maarufu kuliko wote alikuwa Kane Kwei, aliyefariki 1992, na karakana yake bado inafanya kazi. Mvuvi huzikwa ndani ya samaki, mkulima wa kakao ndani ya tunda la kakao, dereva ndani ya gari. Kwa lugha ya Waga masanduku haya yana jina linalomaanisha masanduku ya methali, na jina hilo linaeleza kila kitu: jeneza ni neno la mwisho la mtu kwa watu wake, wasindikizaji wakilitafakari njia nzima kwenda makaburini. Mwaka 1989 majeneza ya Kane Kwei yalionyeshwa Paris, na tangu hapo makumbusho ya Ulaya na Marekani huagiza yao. Sioni ubaya mkubwa. Fundi analipwa, na hakuna aliyeibiwa mzazi. Lakini jeneza lililotengenezwa lisizikwe ni methali isiyo na wa kuambiwa. Wanaolitazama ndani ya ukumbi wenye taa nzuri wanaona samaki wa mbao.

Barabara ya Lang'ata ukiiacha pale Galleria unashika ya Magadi, na ukiifuata mpaka mwisho unafika Ziwa Magadi. Kusini yake, ng'ambo ya mpaka, ndilo Natron, lile ziwa jekundu la kwenye video. Mwaka 2013 zilienea picha za mpiga picha Mwingereza Nick Brandt, za ndege na popo waliokauka kama mawe kando ya Natron. Dunia ikapokea habari kwamba Tanzania kuna ziwa linalomgeuza kiumbe akigusa maji. Mpiga picha mwenyewe alikuwa ameeleza kwamba aliwaokota wakiwa wamekufa ufukweni, magadi yamewakausha, akawakalisha kwenye matawi kama walio hai. Maelezo hayo hayakusafiri. Kilichosafiri ni ziwa la mauti.

Na ukweli wake ni kinyume kabisa. Robo tatu hivi ya heroe wadogo wa dunia nzima, hao ndege wa waridi wanaoonekana Bogoria na Nakuru, huzaliwa Natron. Maji yake ni makali, kiwango chake cha pH hupita 10, kwa sababu ya magadi yanayotoka kwenye udongo wa volkano za jirani, ikiwemo Ol Doinyo Lengai, ambayo hutema lava ya aina isiyoonekana kwenye volkano nyingine yoyote hai duniani. Heroe hujenga viota vya tope, kama vikombe vilivyopinduliwa, katikati ya uwanda wa chumvi. Fisi na mbweha hawathubutu kuvuka ule uwanda. Unachoma na kubomoka. Ukali uleule unaokausha mzoga ndio uzio wa vifaranga. Hata rangi ya waridi ya ndege na wekundu wa ziwa vinatokana na viumbe vidogo mno vinavyostawi kwenye magadi hayo, na heroe hula baadhi yake.

Miaka ya 2000 kulikuwa na mpango wa kujenga kiwanda kikubwa cha magadi pale Natron. Wahifadhi na wakazi wakaupinga na ukawekwa kando. Ni rahisi sana kuliuza ziwa ambalo kila mtu ameshaambiwa ni la mauti. Ukisema ni wodi ya uzazi, mnunuzi hupata maswali ya kujibu. Ndiyo maana nasema namna tunavyoyasimulia maajabu si mchezo wa jioni. Na Mto Ewaso Ng'iro wa Kusini, unaolilisha Natron, unatoka huku kwetu Kenya, kwenye Msitu wa Mau. Kila mti tunaoukata huko una habari na kifaranga asiyejua mpaka uko wapi.

Ile matatu yetu yenyewe ilikuwa nganya, yaani matatu iliyopambwa. Dari ina taa za buluu, na mlangoni amechorwa mchezaji mpira mwenye jicho moja lililotiwa rangi upya baada ya gari kukwaruzwa, halifanani kabisa na lile lingine. Wageni huipenda sana michoro hii na kuiita sanaa ya mitaani. Sisi kwa muda mrefu tuliiita fujo. Wote wawili tulikosea kwa namna moja. Njia ni ile ile, nauli ni ile ile, foleni ni ile ile. Abiria ataingia gari lipi? Nimesimama stejini nikaona wanafunzi wa chuo wanaacha gari jeupe lenye viti vitupu wakingoja nganya wanayoijua kwa jina. Mwenye gari humlipa mchoraji ili gari lijae upesi. Kwa kazi hiyo moja karakana za Nairobi zimelea mafundi walioanza kwa kupiga msasa mabodi na kuishia kuchora nyuso ambazo chuo cha sanaa kingejivunia.

Kanuni za matatu za John Michuki, waziri wa uchukuzi wakati huo, zilipoanza Februari 2004, zilileta mikanda ya usalama, vidhibiti mwendo na sare. Naziunga mkono mpaka leo, kwa sababu watu walikuwa wanakufa. Lakini pamoja nazo ulikuja mstari wa manjano na gari lisilo na mchoro, kana kwamba rangi ndiyo iliyokuwa inapindua magari. Takriban miaka kumi mafundi wale walichora kwa wizi au wakaacha. Mwisho wa 2014 Rais Uhuru Kenyatta akawataka polisi wawaache vijana wachore. Katika miaka yote hiyo sikumsikia mkubwa hata mmoja akiuliza: michoro hii inamlisha nani, inafanya nini stejini?

Swali hilo hilo ningependa liulizwe kuhusu vigango vilivyorudi. Picha ya kila kimoja ibandikwe kwenye baraza za machifu kutoka Kaloleni hadi Ganze na Magarini, wazee wavitazame kama yule mama alivyoitazama simu, wakiangalia nakshi na mkono wa fundi. Vitakavyotambuliwa virudi uani kwao hata kama vitaoza. Visivyotambuliwa vikae mikononi mwa wazee wa kaya, ile misitu mitakatifu ya Mijikenda, waamue wao. Na sisi wenye sebule za Nairobi, aliye na kigango chenye alama ya msumeno chini anajua ofisi za Makumbusho ya Taifa ziko wapi.

Kabla sijashuka nilimuuliza mama kama kwao bado vipo. Akasema palikuwa na kimoja, cha ndugu mkubwa wa babu yake. Kilichukuliwa yeye akiwa msichana. Waliamka wakakuta shimo, na kipande cha nguo nyekundu kimenasa kwenye mwiba.

"Na pale mahali sasa pana nini?"

"Pana nyasi," akasema. "Hatupalimi. Hata mbuzi hatumfungi pale."

"Ijapokuwa hakipo?"

"Kibao ndicho hakipo, mwanangu. Yeye yupo pale pale, tena hana nguo."